Roboti ya binti yule ilitengenezwa na nani?

Ndugu msomaji, nina deni ambalo nimeona bora nilitaje hadharani, kwa sababu nililikopa hadharani. Si deni la fedha. Ni deni la maneno mawili niliyoyatamka ukumbini, mchana kweupe, mbele ya wazazi na watoto wao, na watu wakapiga makofi. Niliulizwa, "Nani kakitengeneza hiki?" Nami nikajibu, "Binti huyu."

Naomba univumilie nieleze kisa tangu mwanzo, kwani sidhani kama ni mimi peke yangu ninayedaiwa deni la namna hii.

Jambo lenyewe lilianzia barazani, mtaani kwetu hapa Dar es Salaam, baada ya sala ya Isha. Tulikuwa watu wanne. Vijana wawili ambao kazi yao ni kuandika programu za kompyuta, mzee mmoja fundi redio ambaye meza yake ipo pembeni ya soko tangu sisi tukiwa wadogo, na mimi ambaye riziki yangu pia inatokana na kompyuta. Mazungumzo yakafika kwa watoto wetu na simu. Yule mzee akasema kitu ambacho hakikunitoka. Alisema zamani redio ikiharibika, watoto walikuja na baba yao wakaizunguka meza yake kuangalia tumbo la redio. Siku hizi simu ikiharibika mtu ananunua nyingine, na mtoto anafikisha miaka kumi na tano hajawahi kuona ndani ya kitu chochote anachokitumia.

Basi tukakubaliana tufanye siku moja ya roboti. Si shule, wala si mashindano. Iwe ni Jumapili moja tu, ambapo wanaojua kuandika programu na wasiojua chochote watakaa meza moja, na ikifika jioni kila meza iwe imetengeneza kigari kinachojiendesha chenyewe.

Huenda neno roboti likakufanya ufikirie yale madude ya sinema. Roboti yetu ni kitu kidogo chenye ukubwa wa sahani. Kipande cha plaiwudi, magurudumu mawili, mota mbili ndogo, betri nne kama za tochi, na mbele yake vihisi viwili, yaani macho, vinavyotazama chini. Sakafuni unatandika karatasi nyeupe na kubandika juu yake utepe mweusi wa mafundi umeme. Kila jicho linatoa mwanga ambao sisi hatuuoni. Karatasi nyeupe inaurudisha mwanga ule, utepe mweusi unaumeza. Jicho la kushoto likiona weusi, kigari kinajua kimekwenda kombo, kinapinda kushoto. La kulia likiona weusi, kinapinda kulia. Kwa sheria hizo mbili tu kigari kinaufuata mstari mpaka mwisho. Ubongo wake ni bodi ndogo ya kompyuta inayoitwa Arduino, ambayo ilianzishwa mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, makusudi kwa ajili ya wanafunzi wasio na elimu ya umeme. Kwa hiyo chombo chenyewe kilibuniwa kwa ajili ya wanaoanza. Neno hilo naomba ulikumbuke.

Tulichangishana, tukaenda Kariakoo, tukarudi na vifaa vya kutosha seti nane. Seremala wa jirani akatukatia plaiwudi bure. Ukumbi tukapewa na shule moja ya mtaani. Tukaandika orodha mbili, moja ya "Wanaojua" na nyingine ya "Wanaoanza". Ya kwanza ikawa na watu kumi na sita, ya pili thelathini na wawili, wengi wao watoto wa kati ya miaka kumi na miaka kumi na sita. Kila meza wanaoanza wanne na wanaojua wawili. Yule mzee fundi redio, kwa kuwa hajui kuandika programu, tukamwandika katika orodha ya wanaoanza. Yeye akacheka tu.

Sheria ya siku ile niliiandika mimi ubaoni kwa chaki: anayejua aeleze kwa mdomo, mikono yake ikae nyuma. Anayeanza ndiye anayeshika bisibisi, ndiye anayechomeka waya, ndiye anayebonyeza kitufe. Niliona fahari na sheria ile. Sikujua kuwa mtu wa kwanza kuivunja nitakuwa mimi.

Asubuhi ilikwenda vizuri kuliko tulivyotarajia, na iliwanyoosha walioitwa wanaojua. Kijana mwenye shahada ya kompyuta aliandika programu safi isiyo na kosa hata moja, akaipakia, akawasha. Mota zikistuka tu, bodi nzima inazima na kuanza upya. Akaisoma programu yake mara tatu, haina kosa. Yule mzee wa orodha ya wanaoanza akatoa mita yake mfukoni, akapima, akasema, "Mwanangu, programu yako haina ugonjwa. Mota zinapoanza kuzunguka zinanyonya umeme wote wa betri, ubongo wako unabaki na njaa." Akashauri mota zipewe betri zao na ubongo upewe zake. Ikawa hivyo, bodi ikatulia. Kijana yule akabaki anamtazama mzee kama ndiyo kwanza anamwona.

Ilipofika saa tano jua likaingia dirishani, na vigari vya meza mbili vikapoteza njia kabisa. Tulihangaika mpaka mtoto mmoja akauliza kama jua nalo lina ule mwanga tusiouona. Naam, linao, na ulikuwa umeyapofusha macho ya roboti. Mama mmoja aliyekuja na wanawe akatoa kanga, tukaitundika dirishani. Kwa hakika hadi kufikia adhuhuri sikuwa tena na uhakika nani aandikwe katika orodha ipi.

Sasa lilipo tatizo. Mmoja wetu alikuwa amemwalika mgeni rasmi, mfanyabiashara mwenye moyo wa kutoa, aje baada ya sala ya Alasiri aone kazi ya watoto. Nia ilikuwa njema. Tulitaka siku ya pili, na seti nane hazitoshi. Lakini ilipofika saa nane na nusu hapakuwa na kigari hata kimoja kinachofuata mstari mpaka mwisho. Kimoja kilikuwa kinazunguka pale pale, kingine kinarudi nyuma, kingine waya zake zimechomoka. Mimi nikaangalia saa. Nikamwona mgeni kwa macho ya mawazo, amesimama katikati ya ukumbi akitazama vitu visivyotembea. Nikasema kwa sauti, "Jamani vijana, saidieni."

Neno hilo moja likaifuta sheria ya ubaoni. Mikono yote iliyokuwa nyuma ikaja mbele.

Meza ya tano ilikuwa ya mabinti. Mmoja wao, mwenye umri wa kama miaka kumi na mitatu, ndiye aliyekuwa ameshika kigari chao. Chenyewe ndicho kile kilichokuwa kinazunguka pale pale. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, kwa hiyo nasimulia nilichokiona. Alikigeuza juu chini, magurudumu yakawa yanazunguka hewani. Akalitazama la kushoto, kisha la kulia, kisha tena la kushoto. Akaweka kidole karibu na gurudumu moja, akakihamishia karibu na jingine. Gurudumu moja lilikuwa linakwenda mbele na lenzake linakwenda nyuma. Kilichobaki ni ajiulize kwa nini, kisha afuate waya za ile mota kwa kidole, aone kuwa zimebadilishana nafasi.

Kijana mmoja wa wanaojua akafika, akasema, "Lete hapa." Akakichukua mkononi mwake, akabadilisha waya mbili, nusu dakika haikufika. Kwa kuwa muda ulikuwa mfupi akaifuta na programu yao, akapakia ya kwake kutoka kwenye laptopu. Kigari kikawekwa chini, kikafuata mstari mzunguko mzima. Watu wakashangilia. Binti yule akaiweka mikono yake juu ya mapaja. Hakukigusa tena kile kigari siku ile.

Mgeni akaja. Kati ya vigari vyote, hicho ndicho kilichopendeza. Akainama, akakitazama kikizunguka, akauliza swali lake, nami nikatoa jibu langu. Binti akanitazama. Mgeni akafurahi, akaahidi seti nane nyingine. Tukatoa vyeti, na yeye akapata cheti cha mtengenezaji bora wa siku.

Kesho yake jioni mama yake akaja nyumbani kwangu. Alikuwa na bahasha. Baada ya salamu akasema, "Mwalimu, binti yangu anasema hiki si chake. Kanituma nikirudishe."

Nikamwambia, "Mama, watoto wana haya. Amefanya vizuri sana, mwambie asiogope."

Akasema, "Hana haya huyu. Anasema hakutengeneza yeye. Anasema alikuwa karibu ajue."

Nilikipokea kile cheti. Ndugu msomaji, sijawahi kupokea karatasi nzito kama ile. Alikuwa karibu ajue! Nadhani hapakuwa na mtu mwingine ukumbini aliyeieleza siku yetu kwa usahihi kama alivyoieleza mtoto yule kwa maneno matatu.

Nikawaita wenzangu wa barazani, nikawaeleza. Na hapa ndipo penye suala ninalotaka tulitafakari pamoja, kwa sababu wenzangu si watu wabaya na hoja zao si za kipuuzi.

Hoja ya kwanza ilikuwa kwamba kazi ile ilikuwa ya meza nzima. Binti alifunga mota, alichomeka waya nyingi, aliandika sehemu ya programu. Kusema "binti huyu" ni kufupisha maneno tu. Je, anayesema msikiti huu kajenga fulani ana maana kuwa fulani alibeba zege peke yake?

Hoja ya pili ni kwamba mtoto anahitaji kutiwa moyo. Akionja ushindi leo, hata kama ni wa kusaidiwa, kesho atautafuta wa kwake.

Hoja ya tatu ndiyo nzito. Fedha zile si zetu. Ni za watoto. Seti nane nyingine maana yake ni watoto thelathini na wawili wengine. Kama neno moja lisilo sahihi sana limeleta kheri yote hiyo, na hakuna aliyedhurika, kosa liko wapi?

Nilikaa na hoja hizi siku kadhaa. Nitajibu kama nilivyojijibu mwenyewe.

Katika kujijibu nilikumbuka mashine moja maarufu katika historia. Mwaka 1770, katika mji wa Vienna, mtu aitwaye Wolfgang von Kempelen alimwonyesha Malkia Maria Theresa mashine inayocheza sataranji. Ilikuwa sanduku kubwa, na nyuma yake ameketi sanamu wa mtu aliyevishwa kilemba na joho la Kituruki. Milango ya sanduku ilifunguliwa, watu wakaona magurudumu ya meno kama ya saa, ikafungwa, na sanamu akaanza kucheza na kuwafunga watu. Mashine ile ilizunguka Ulaya na Marekani kwa miaka mingi. Napoleon mwenyewe alicheza nayo mwaka 1809. Iliteketea kwa moto mwaka 1854 huko Philadelphia. Siri yake ni kwamba ndani ya sanduku alijikunja mtu hai, mchezaji hodari, ndiye aliyekuwa akicheza.

Roboti ya meza ya tano ilikuwa ndugu wa ile. Tulifungua milango, tukamwonyesha mgeni binti na bisibisi yake, lakini ndani ya sanduku alikuwamo kijana mwenye laptopu. Na tazama tofauti ilivyo mbaya kwetu. Kempelen alificha mtu mzima ili watu waistaajabie mashine. Sisi tulificha mtu mzima ili watu wamstaajabie mtoto. Mashine haina moyo. Ikisifiwa kwa kazi isiyo yake haisikii kitu. Mtoto anasikia.

Kwa hiyo hoja ya kwanza haisimami. Ni kweli kazi ya pamoja husemwa kwa ufupi. Lakini mgeni hakuuliza nani kafunga mota. Aliuliza akiwa amekitazama kigari kinavyofuata mstari, akataka kujua ni nani aliyekiwezesha kufuata mstari. Mimi nilijua anauliza nini, na yeye alinielewa nilivyotaka anielewe. Ukweli haupimwi kwa maneno tu, unapimwa kwa kile unachokusudia kiingie katika kichwa cha anayekusikiliza.

Hoja ya pili nayo inapindua mambo. Ushindi wa kusaidiwa haumtii moyo mtoto mwenye akili. Unamfundisha jambo moja, kwamba kile alichokuwa akikifanya, kugeuza kigari na kutazama magurudumu, si chochote. Kinachohesabiwa ni kigari kutembea. Tulimnyang'anya kitu katika dakika ile ile tuliyodhani tunampa. Tatizo alilokuwa nalo mkononi lilikuwa mali yake, pengine ndiyo mali pekee ya thamani ukumbini mle, kwa sababu alikuwa amelifikia mwenyewe na ufunguo wake alikuwa karibu kuushika. Kijana alilitatua kwa nusu dakika. Lakini tatizo likishatatuliwa na mwingine haliwezi kurudishwa lilivyokuwa. Ukimwibia mtu fedha unaweza kumrudishia. Ukimwibia "naam, nimejua!" utamrudishia nini?

Hapa naomba nisieleweke vibaya. Sisemi kusaidia ni kosa. Mtu aliyebeba gunia akikuomba umtue, mtue, usimsomeshe namna ya kutua gunia. Tofauti ni kile anachokitaka. Aliyekuja na mzigo anataka mzigo ushuke. Aliyekuja kujifunza hakuja ili kigari kitembee. Duka lolote kubwa lina vigari vya kuchezea vinavyotembea. Alikuja ili yeye ajue. Kumsaidia wa pili kama unavyomsaidia wa kwanza ni kumdhulumu huku ukitabasamu.

Ama hoja ya tatu, kwamba hakuna aliyedhurika na kheri imepatikana, nimewahesabu waliodhurika. Wa kwanza ni binti. Wa pili ni mgeni, aliyetoa mali yake kwa picha isiyo ya kweli. Wa tatu ni meza zile saba nyingine, ambazo watoto wake walirudi nyumbani wakidhani wenzao wameweza na wao ni wajinga, ilhali hakuna aliyeweza. Wa nne ni yule kijana mwenyewe. Simlaumu, mimi ndiye niliyesema saidieni. Lakini aliondoka akiamini kuwa kujua ni kuwa mwepesi wa mikono. Na wa tano ni watoto wale thelathini na wawili watakaokuja, kwa sababu fedha iliyopatikana kwa maonyesho itadai maonyesho. Siku ya pili nayo itakuwa na mgeni, na mgeni atataka kuona vitu vinatembea, na mimi nitaangalia saa.

Nilipofika hapo nikatambua kuwa ugonjwa huu hauishii kwenye roboti. Mara ngapi mimi na wewe tumefanya kazi za nyumbani za watoto wetu, tukasaini, tukafurahia alama? Mara ngapi katika maonyesho ya shule tumeona kifaa cha mkono wa baba kikiwa na jina la mtoto? Na tupande ngazi moja zaidi. Sisi Waislamu tunapenda sana kutaja majina ya waliotutangulia. Tunawataja wana wa Musa, ndugu watatu wa Baghdad wa karne ya tisa, walioandika kitabu cha vyombo vya hila za ufundi. Tunamtaja al-Khwarizmi, ambaye jina lake ndilo lililozaa neno algorithimu wanalolitumia waandishi wa programu dunia nzima. Tunamtaja al-Jazari wa Diyarbakir, aliyekamilisha kitabu chake mwaka 1206 akieleza vyombo hamsini, zikiwemo saa za maji na sanamu zinazojiendesha. Siku ile ukumbini nami niliwataja wote watatu katika hotuba yangu ya ufunguzi, na watu wakaitikia kwa fahari.

Fahari hiyo ni halali. Lakini tujiulize, al-Jazari aliandika nini hasa? Hakuandika sifa zake. Aliandika namna ya kutengeneza: vipimo, sehemu moja moja, ipi ianze na ipi ifuate, ili fundi mwingine aweze kukijenga chombo kile. Kitabu kizima ni mjuzi aliyeweka mikono yake nyuma na kueleza. Nasi tunachofanya na jina lake ni kile nilichofanya na kigari. Tunakiweka katikati ya ukumbi, anakuja mgeni anauliza nani katengeneza, nasi tunasema, "Ni sisi." Mikono yetu imelala juu ya mapaja.

Nilimwendea yule mzee fundi redio nikamwuliza amefundisha wanagenzi wangapi katika maisha yake, na aliwafundisha vipi bila kuwanyang'anya kazi. Akaniambia, "Nilikuwa na redio zangu mwenyewe mbovu, za kuunguza. Ya mteja hagusi. Ya kwangu aunguze anavyotaka. Akishaunguza ya tatu, ya nne haunguzi." Kisha akaniuliza, "Nyinyi seti zenu zilikuwa za nani?"

Swali lile lilinionyesha shina la tatizo. Seti zilikuwa za michango ya watu, na tangu asubuhi sote tulikuwa na hofu zisiungue. Ni amana, tukasema. Kwa hiyo kila mtoto alipopeleka waya mahali pasipo pake, mkono wa mkubwa uliruka. Tulilinda vifaa na tukawapoteza waliovinunuliwa. Ikiwa fedha imechangwa ili watoto wajifunze, basi kifaa kilichoungua mikononi mwa mtoto anayejifunza hakijapotea, kimefanya kazi kilichonunuliwa kuifanya. Kinachotakiwa ni kuwaambia wachangiaji mapema, kwa uwazi, kwamba sehemu fulani ya mchango wao ni ya kuunguzwa. Atakayekubali akubali, atakayekataa akatae.

Baada ya hapo sikuwa na kisingizio. Nikamwendea mgeni rasmi dukani kwake. Njiani nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake na kwa kupoteza zile seti nane. Nikamsalimu, nikamweleza yote, kuanzia "saidieni" mpaka bahasha ya mama. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akasema kwa upole, "Nilijua, mwalimu. Kila ninapoalikwa huwa hivyo hivyo. Ahadi yangu iko pale pale."

Nilipaswa kufurahi. Fedha imebaki, mzee hajakasirika. Lakini nilitoka dukani nimeinamisha kichwa kuliko nilivyoingia. Nilijua! Maana yake ni kwamba mtu huyu anatoa mali yake mwaka baada ya mwaka huku akiwa hatarajii kuambiwa kweli. Ameshatuzoea. Anatuhesabu kama watu wa kusaidiwa, si watu wa kuaminiwa, na anatusamehe kabla hatujaomba. Na sisi tunaiita hali hiyo mahusiano mazuri na wafadhili.

Cheti nilikipeleka mwenyewe kwa binti, pamoja na kigari, waya za ile mota nimezirudisha zilivyokuwa, kimakosa. Nikamwomba radhi mbele ya mama yake. Sikumwambia kosa liko wapi. Cheti hakukitaka. Kigari alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuza juu chini pale pale mlangoni.

Siku ya pili tuliifanya bila mgeni rasmi na bila vyeti. Orodha ilikuwa moja tu. Ukutani tulibandika karatasi yenye idadi ya vifaa vilivyotengwa kwa kuunguzwa, na kabla ya adhuhuri bodi mbili zilikuwa zimeshaungua, moja ikiwa mikononi mwa kijana mwenye shahada. Anayejua akishikwa na hamu ya kunyakua aliruhusiwa kutoka nje kunywa maji. Wengi walikunywa maji mengi siku ile, na mimi zaidi yao.

Ilipofika saa kumi na moja, kati ya vigari kumi na sita, vitatu tu ndivyo vilivyofuata mstari mpaka mwisho. Vingine viliishia njiani, vingine havikuondoka kabisa. Mtu angepita mlangoni angesema siku ile imeshindikana. Kigari cha binti wa meza ya tano, ambacho mota zake alizirekebisha nyumbani na programu yake ameiandika upya yeye na wenzake, kilikwenda kama shubiri sita hivi, kikafika kwenye kona, kikaiacha kona na kwenda zake mpaka chini ya kiti. Akakifuata kwa magoti, akakitoa, akakitazama macho yake.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake kama mara ya kwanza. Niliiona sababu. Jicho moja lilikuwa limekaa juu kuliko lenzake, haliuoni utepe vizuri kwenye kona. Mikono yangu ilikuwa nyuma, na naapa ilikuwa inauma.

Akanitazama. "Mwalimu, usiseme," akasema.

Sikusema. Wabillahi tawfiq.